Sikio la Tunguu

Pale Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, kuna simu kuukuu iliyofungwa juu, na maandishi yanayosema kwamba unaweza kupiga simu za nje ya nchi bure. Simu yenyewe haikuungwa popote. Wenyeji tunaijua, wageni wanaipiga picha. Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, tulikuwa tumekaa barzani na vikombe vya kahawa. Mazungumzo yakaanzia kwenye bei ya sukari yakapanda hadi mbinguni, kama kawaida ya barza. Mzee mmoja akanigeukia: "Wewe mwanangu unasomasoma vitabu. Hebu tuambie, kama huko juu kuna viumbe wenye akili, mbona kimya? Mbona hawasemi?" Kabla sijafungua mdomo, mwengine akaielekezea kidole ile simu: "Labda wanapiga kwa namba hii." Barza nzima ikacheka, na mie nikaponea hapo.

Nilirudi nyumbani na swali lile. Nimekaa nalo mwaka mzima, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, swali la mzee lina historia. Mwaka 1950, huko Los Alamos nchini Marekani, mwanafizikia Enrico Fermi alikuwa anakula chakula cha mchana na wenzake watatu, akauliza ghafla: wako wapi, basi? Wenzake hawakuhitaji kuambiwa anawasema akina nani. Hesabu iliyokuwa kichwani mwake ni rahisi kuieleza. Kundi letu la nyota, hili ambalo usiku wa giza kule Makunduchi unaliona limetanda angani kama moshi mweupe, lina nyota zisizopungua bilioni 100. Umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 10, na dunia yetu ina miaka bilioni 4.5 tu. Kama kwengineko viumbe wenye akili walitutangulia, hata kwa miaka milioni chache, wangekuwa na muda wa kutosha kusambaa kote kwa vyombo vya mwendo wa kobe. Wangekuwa wameshafika, au angalau tungekuwa tumeshawasikia. Hatujasikia kitu.

Majibu yaliyotolewa tangu siku hiyo ni mengi, lakini ukiyapanga yanabaki machache. Hawapo, tuko peke yetu. Au wapo, ila umbali umetutenganisha. Au walikuwepo wakajimaliza wenyewe kabla sauti yao haijatufikia. Au wanatuona na wamenyamaza makusudi. Au wanasema, na sisi hatujajua kusikiliza.

Mie si mwanasayansi na sina jibu jipya. Nilichonacho ni kisa cha kisiwa hiki. Wengi wetu tumesahau kwamba Unguja iliwahi kuwa na sikio lake la kusikiliza angani, kule Tunguu, na nikitazama yaliyolikuta sikio lile naanza kuona kwa nini mbingu zinaweza kuwa kimya hata kama si tupu.

Mwaka 1960 ndio mwaka wa kuanzia. Mwezi wa Aprili, mtaalamu kijana aitwaye Frank Drake alielekeza darubini ya redio yenye upana wa mita 26, pale Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili zilizo jirani na jua letu: Tau Ceti na Epsilon Eridani. Alikuwa akitafuta mawimbi ya redio yaliyotumwa kwa makusudi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kazi ya namna hiyo kufanywa kwa vyombo vya kisasa. Nyota zote mbili unaweza kuziona kwa macho, na jioni za Desemba hupita karibu na utosi wetu hapa Unguja. Drake alisikiliza kwa miezi michache, hakupata kitu, akafunga kazi.

Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Marekani na Uingereza zilitia saini mkataba wa kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya angani hapa Zanzibar. Wakati ule tulikuwa chini ya himaya ya Mwingereza, na ndiye aliyesaini. Marekani ilikuwa inajiandaa kumrusha mtu kuizunguka dunia, katika mpango ulioitwa Mercury, na ilihitaji mlolongo wa vituo kuuzunguka ulimwengu ili yule mtu asipotee masikioni. Chombo kingepita juu ya Kano, Nigeria, kisha juu yetu, kisha kungekuwa na meli katika Bahari ya Hindi, halafu Muchea, Australia. Antena zikasimamishwa Tunguu, kwenye shamba la minazi na mihogo.

Hapo ndipo kelele zilipoanza, za hapa hapa chini. Chama cha Hizbu, yaani ZNP, kilikipinga kituo kwa maandamano na maandishi, na Abdulrahman Mohamed Babu, aliyekuwa katibu mkuu wake, alikuwa mstari wa mbele. Hoja yao ilikuwa kwamba mitambo ile ingekifanya kisiwa kuwa shabaha siku wakubwa wa dunia wakipigana. Wamarekani walijibu kwamba kituo ni cha sayansi, si cha vita. Leo tunajua kwamba kazi ya Tunguu ilikuwa kweli kumsikiliza mwanaanga. Lakini hebu jiweke mahali pa mtu wa shamba wa mwaka 1961. Wageni wamekuja na vyuma virefu vinavyotazama juu, aliyewaruhusu ni mkoloni, na habari za mabomu ya nyuklia ziko redioni kila siku. Utaamini nini?

Nakiri kwamba nilipoanza kusoma habari hizi niliwaona wapinzani wa kituo kama watu walioogopa maendeleo. Sasa siwaoni hivyo. Hofu yao ilikuwa na sababu, na sababu kubwa ni kwamba hakuna aliyewauliza.

Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alirushwa kutoka Florida saa 8 na dakika 47 mchana kwa saa za Greenwich. Kama nusu saa baadaye alikuwa juu yetu. Nimepiga hesabu. Hapa ilikuwa saa 12 na robo hivi za jioni, jua linakaribia kuzama. Na nilipofungua kalenda ya Kiislamu ya mwaka ule nilishtuka: ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1381, mwezi umefika katikati. Yaani Glenn alipita juu ya Unguja kwenye ile nusu saa ya mwisho ambayo sote tunaijua, uji uko jikoni, tende ziko sahanini, watoto wanatumwa dukani mara ya tatu, na kila mtu ametega sikio asikie adhana ya magharibi.

Kwa dakika chache tu chombo kilikuwa ndani ya masafa ya Tunguu. Daktari wa zamu alizungumza na Glenn na kutazama mapigo ya moyo wake kwenye mitambo. Kisha Glenn akavuka kuelekea baharini, akaliona jua likizama haraka kuliko mtu yeyote wa Unguja alivyowahi kuliona.

Sauti ile ilimpitia kila mtu kisiwani. Mawimbi ya redio yalipenya mapaa ya makuti ya Tunguu na kuta nene za Shangani, yakapita juu ya sufuria za futari na juu ya misikiti. Waliosikia ni watu wachache waliokuwa wamevaa vidude vya masikioni katika chumba kimoja, kwa sababu wao ndio waliokuwa na mtambo, wao ndio waliojua ni masafa gani, na wao ndio walioambiwa saa ya kukaa tayari. Kwa kila mtu mwengine, mbingu jioni ile zilikuwa kimya.

Hili ndilo jambo la kwanza ninaloweza kumwambia mzee wa barzani. Wanaotafuta ishara za viumbe wengine hawajui ni masafa gani, hawajui upande gani, na hawajui saa ngapi. Mtaalamu Jill Tarter, aliyeifanya kazi hii maisha yake yote, aliwahi kufananisha tulichokipekua na gilasi moja ya maji iliyochotwa kwenye bahari zote za dunia. Chota gilasi pale Forodhani, itazame, halafu tangaza kwamba bahari haina samaki. Wale vijana wanaojirusha majini jioni watakucheka mpaka waingiwe na maji puani.

Jambo la pili linahusu muda. Mwaka 1961, Drake aliandika kanuni ya kukisia idadi ya walimwengu wanaoweza kusikika katika kundi letu la nyota. Ina vipengele saba vya kuzidishana: nyota ngapi zinazaliwa, ngapi zina sayari, na kadhalika. Vingine tumeanza kuvijua. Sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wa jua letu sasa zimepita 5,000. Kipengele cha mwisho ndicho kigumu, maana hakipimwi kwa darubini: ni miaka mingapi watu wenye uwezo wa kutuma na kupokea sauti hudumu katika hali hiyo kabla hawajaangamia, hawajachoka, au hawajagombana.

Tunguu ilidumu miaka mitatu hivi. Ilisaidia kuwafuatilia wanaanga wanne walioizunguka dunia katika mpango ule: Glenn, Carpenter, Schirra na Cooper, aliyekuwa wa mwisho, Mei 1963. Tarehe 10 Disemba 1963 tukapata uhuru. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na siku iliyofuata meli ya kivita ya Marekani, Manley, ikawachukua Wamarekani waliokuwa hapa. Mwezi wa Aprili, mwezi ule ule wa Muungano, serikali mpya ya Mzee Karume ikataka kituo kiondoke, na kikaondoka. Safari za angani zilizofuata, za mpango wa Gemini, zilisikilizwa upande wetu huu kutoka Tananarive, Madagascar.

Tazama sasa kilicholifunga sikio lile. Mitambo haikuharibika, umeme haukukatika, na wataalamu walikuwepo. Lilifungwa na mambo ya duniani: ukoloni, hofu, uhasama wa wakubwa, na damu iliyomwagika Januari ile. Kundi letu la nyota lina upana wa miaka ya nuru 100,000, maana yake sauti inahitaji muda huo kuvuka kutoka ukingo hadi ukingo. Sisi tumekuwa na redio kwa zaidi kidogo ya karne moja. Kama hali ya kwengineko inafanana na ya kwetu, kila ulimwengu unafungua sikio lake kwa muda mfupi, halafu linafungwa. Jirani anaweza kuwa alisema tulipokuwa bado hatuna redio. Anaweza kusema tena tukiwa hatupo.

Jambo la tatu nalileta kutoka nyumbani, maana bila ya hilo nisingelishika swali hili namna hii.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kaka aliyeondoka mwaka 1964, wiki chache baada ya Mapinduzi. Alivuka kwa jahazi hadi Mombasa, na mwisho akafika Maskati. Familia nayo haikubaki kwenye nyumba yao ya Malindi, ikahamia Ng'ambo. Ikapita miaka bila ya barua. Watu wakamshauri bibi amsomee kakaake hitima, roho yake itulie. Bibi hakukubali. Alikuwa akisema, "Kutoandika siyo kufa," kisha anaendelea kukuna nazi yake.

Katikati ya miaka ya 1980, milango ilipoanza kufunguka na watu wakawa wanakuja na kurudi, akafika mgeni kutoka Maskati na habari. Kaka alikuwa hai. Alikuwa ameandika miaka yote ile, barua zake zikienda kwenye nyumba ya Malindi, ambako walikuwa wanakaa watu wengine. Bibi naye alikuwa amewatuma watu wamuulizie Dubai, kwa sababu mtu mmoja alimwambia ndiko aliko. Kila mmoja alikuwa akisema, na kila mmoja alimsikia mwenzake kimya. Tena yule kaka, kule aliko, alikuwa keshamsomea bibi hitima na kupika pilau. Bibi aliposikia hivyo alicheka, halafu akaingia ndani na kufunga mlango, na hatukumwona mpaka alasiri.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba miaka sitini na kitu ya kusikiliza nyota inatosha kuhukumu kuwa hakuna mtu, namkumbuka bibi. Kimya kinaweza kutoka kwa asiyekuwepo. Kinaweza pia kutoka kwa anayeandika kwenye anwani ya zamani.

Upande wa pili wa jambo hili unatuhusu sisi wapenzi wa maneno. Mwaka 1977, mwaka ambao ASP na TANU ziliungana kuwa CCM, Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja na sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu. Ndani yake mna salamu kwa lugha 55, kwa ajili ya yeyote atakayeziokota. Nimeipitia orodha hiyo mara kadhaa. Kiarabu kimo. Kigujarati kimo, Kihindi kimo, Kiajemi kimo, Kiingereza kimo. Yaani karibu kila lugha iliyowahi kutumika kupatana bei katika maduka ya Mji Mkongwe. Jirani yetu Kiganda kimo. Kisumeri na Kihiti, lugha zilizokufa zamani, zimo. Wasichana Wambuti wa Kongo wanasikika wakiimba. Kiswahili hakimo.

Nilipogundua hilo nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikafikiri. Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 20 kutoka hapa. Siku moja akitokea kiumbe mwenye akili akaifungua santuri ile, atajifunza kwamba duniani kulikuwa na Wahiti. Akitumia mantiki ya wale wanaosema "hatujasikia, basi hawapo", atahitimisha kwamba Waswahili hawakuwahi kuwepo. Na sisi tulikuwepo, mamilioni kwa mamilioni, tukisema usiku na mchana, tukigombania bei ya sukari.

Nimalizie na kitabu, maana hapa ni kwa wasomaji wa vitabu. Mwaka 1951, mwaka mmoja tu baada ya swali la Fermi, Shaaban Robert alitoa Kusadikika, hadithi ya nchi iliyo angani. Hakuwa anaandika habari za sayari. Alikuwa anawasema watawala. Lakini isome upya ukiwa na swali hili mkononi. Kusadikika iliwatuma wajumbe pande sita, mpaka mbinguni na ardhini, wakajifunze kwa walimwengu wengine. Wajumbe walirudi na habari njema, na malipo yao yakawa gerezani. Ujumbe ulifika. Nchi ndiyo iliyokataa kuupokea. Katika majibu yote ya swali la Fermi niliyosoma, hilo linanitia wasiwasi kuliko kuangamia kwa mabomu.

Sikatai kwamba inawezekana tuko peke yetu. Wapo wanasayansi wazito wanaoamini hivyo, na hoja zao si za kuchezea. Ninachokataa ni haraka ya kuhukumu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hawakusema mshindo huo utakuja lini.

Mwezi uliopita nilipanda daladala hadi Tunguu. Siku hizi ni mji wa vyuo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kipo pale, na wanafunzi wamejaa barabarani na mikoba yao. Niliwauliza vijana watatu kama wanajua kwamba hapa paliwahi kusikilizwa mtu wa kwanza wa Marekani kuizunguka dunia. Wawili walidhani nawatania. Wa tatu akatoa simu yake akatafuta, akasoma kidogo, akanyamaza, kisha akatazama juu.

Juzi nikarudi barzani, mzee yupo. Nikamwambia, Mzee wangu, lile swali lako nimekuja nalo. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa ufupi: hatujui kama wapo, tumesikiliza kidogo sana, na hapa kwetu tulilifungua sikio kwa miaka mitatu tukalifunga. Akanywa kahawa yake mpaka ikesha.

"Tunguu naikumbuka," akasema. "Nilikuwa kijana. Tukiviona vile vyuma, hatujui vya nini." Akakiweka kikombe chini. "Basi mkifungua tena, safari hii tuambieni mapema."

Juu yake, ile simu ilikuwa imening'inia pale pale.